Mutuma na Tawi la Juu

Hata leo, nikiwa sokoni Embu nabishania bei ya nyanya, harufu ya jani bichi la mgomba likikatwa hunirudisha Kangeta mbio. Kwetu majani hayo tulifungia miraa. Asubuhi ya kuvuna boma lote lilichemka: gari la wanunuzi liko njiani, wavulana wako juu ya miti wakitaniana, na vidole vyangu haviwezi kutulia.

Kaka yangu Mutuma, mwenye miaka kumi na minne, alikuwa chini. Alikuwa na kifafa, na Baba alimkataza kupanda miti, kukaa karibu na moto wa mafiga na kwenda mtoni peke yake. Wenzake walimwita Bwana Viazi, kwa vile viazi havijawahi kupanda mti. Siku hiyo akaapa atapanda.

Nilikuwa na miaka tisa na mdomo wa mchuuzi. Sikumkatalia, nilimwambia tupatane. Alianzia tawi la juu kabisa, mimi nikaanzia ardhini. Akashuka hadi tawi la pili, nikatikisa kichwa. Akaomba la kwanza, nikatishia kumwita Mama. Mwishowe tukakubaliana atavuta matawi kwa fimbo yenye ncha iliyopinda, miguu yote miwili ikiwa kwenye nyasi. Miguu hiyo niliihesabu mara mbili.

Basi akachuma kama mtu anayefukuzwa. Vibunda vinane, tisa, kumi. Wavulana wa juu wakaanza kuchungulia. Nilipokuwa nafunga cha kumi na nne, Mutuma alinyamaza katikati ya neno, akaanguka, mwili ukatetemeka.

Nilifanya alivyonifundisha Mama. Nikasukuma fimbo mbali, nikamlaza ubavu, nikaweka sweta yangu chini ya kichwa chake, nikaanza kuhesabu. Ikifika mia tatu bado anatetemeka, nikimbie kwa mwalimu mwenye gari. Watu walisimama mbali, utadhani kifafa huruka kama kiroboto. Jirani yetu Mama Karimi peke yake ndiye aliyekuja, ameshika kijiko cha kumtia mdomoni.

"Rudisha kijiko, Mama Karimi," nikasema. "Saa hii hanywi uji. Themanini na moja, themanini na mbili..."

Kwenye mia moja na kumi Mutuma akatulia, akavuta pumzi ndefu, akalala. Alipofumbua macho aliuliza, ulimi ukiwa bado mzito:

"Vibunda vingapi?"

"Kumi na vinne."

"Hesabu tena."

Siku nzima nilitembea kwa maringo kwa kuwa nilimshinda kwenye mapatano. Niliyoyaelewa yaliishia hapo.

Miaka mingi baadaye, nami nikiwa na watoto, tulisimama na Mutuma chini ya mti ule. Nikatazama tawi alilolitaka, kisha mawe yaliyo chini yake. Yalikuwa sita. Nikahesabu tena. Kuanguka hakukuwa jambo la kupatana; tulichopatana ni mahali pa kuangukia. Nikajikuta nimeketi kwenye nyasi. Mutuma, mwenye mvi sasa, akanishika mkono na kuniuliza kama aniwekee sweta.