Kesi ya Jogoo Mwekundu

Mtaa mzima ulimwita Mama Vifaranga, na siku hizi jina hilo lilimchoma kama dhihaka, maana vifaranga wenyewe hawakuwapo. Mashine ya kutotolesha ilikuwa pale pale, kwenye chumba kidogo nyuma ya jiko, ikinguruma na kula umeme bila haya. Mayai yaliingia mazima, yakatoka viza.

Alikwishajaribu kila kitu. Alimgombeza fundi wa umeme mpaka maskini ya Mungu akaacha kupokea simu zake. Alibadilisha kipimajoto. Alimpiga marufuku binti yake kukanyaga chumbani, eti anafungua mlango ovyo. Wapi! Kila alipozima taa na kumulika mayai kwa tochi, siku chache tu baada ya kuyaingiza, aliona kitu kile kile: pete nyembamba ya damu, na ndani yake kimya. Wateja walikuwa wameanza kujipenyeza kwa jirani. Akili ilimchemka, tena kwa hasira ile mbaya ya mtu asiyejua amkasirikie nani.

Hatimaye akampata. Jogoo mwekundu, Mheshimiwa, aliyeachwa na marehemu mumewe, dume pekee lililobaki bandani. Lilikuwa na maringo hilo, linawika hata mchana kweupe na kutembea kama mwenye nyumba. Mama Vifaranga akakata shauri kwamba makelele yote yale ni ya bure, mzee ameishiwa. Asubuhi moja akanoa kisu.

Siku hiyo hiyo, kabla ya mchana, daktari wa mifugo akabisha hodi. Alikuwa mwanamke wa makamo, na alikuwa amebembelezwa aje mpaka simu ikachoka.

"Leo ndiyo unakuja!" alisema Mama Vifaranga. "Haya, karibu mwanangu. Chungu kiko jikoni."

Daktari akamulika mayai, akavunja moja kwenye sahani, akalitazama sana. Kisha akanawa mikono, wakaketi kula.

"Mama, hili yai lilishika mimba," alisema huku akichukua paja. "Ile pete ni mishipa ya damu. Mtoto alianza vizuri, akafa mishipa ikiwa ndiyo kwanza inajengeka. Jogoo kazi yake kaifanya. Hapa mimi naulizia chakula cha matetea. Tetea akikosa vitamini E, haiweki kwenye kiini, na mtoto anakosa kinga siku zile za mwanzo kabisa."

"Wangu wakose? Wanakula kuliko mimi!" Mama Vifaranga alikaribia kuchukia. "Shemeji yangu anakaanga chipsi. Nimemwomba mwenyewe aniletee mafuta yanayobaki, nachanganya kwenye pumba. Hujaona manyoya yanavyong'aa?"

Daktari akaomba ndoo ya chakula. Akanusa, akakunja uso.

"Yamechacha, Mama. Mafuta yaliyounguzwa na kuchacha yanaiharibu vitamini E. Unaowanenepesha ndio unaowanyima."

Mama Vifaranga akaisukuma ndoo kwa mguu. Miezi yote hiyo, na fundi wa watu, na binti yake!

"Usijali, linatibika," daktari aliendelea, akiurudia mfupa wake. "Mwaga hayo, nunua chakula kipya, nitakupa vitamini ya kutia kwenye maji. Itachukua kama wiki mbili kuingia vizuri kwenye mayai. Wewe mtunze jogoo tu. Yuko wapi, nimwone?"

Mama Vifaranga akatazama bakuli. Daktari naye akalitazama, kisha akaliweka paja chini polepole.

"Matetea huwa wanabaki na mbegu yake tumboni," alisema kwa upole. "Kwa muda."

"Muda gani?"

"Wiki moja. Mbili, ukiwa na bahati."

Wote wawili wakapiga hesabu: vitamini ingefika kwenye mayai, mbegu ikiwa imekwisha.

Mlangoni kukasikika mluzi. Shemeji, mdogo wake marehemu, aliingia na kidumu cha mafuta kimejaa mpaka shingoni, uso wote tabasamu. Mama Vifaranga alitaka kumfokea, akajizuia. Aliyeyaomba mafuta ni yeye.

"Shemeji, leo nimekuletea ya kutosha!" Akavuta harufu ya mchuzi, akavuta na kiti. "Eh, kumbe mama mkwe ananipenda. Mmemchinja yupi?"