Vipimo Kumi na Moja vya Mwalimu Mektrida

Mektrida alikuwa amefundisha fizikia Kibosho kwa miaka kumi na tisa, na hesabu ilikuwa haijawahi kumnyima usingizi mpaka alipokabidhiwa asteroidi.

Walimu watano wa Moshi walikuwa wakipokea kwa mtandao picha za darubini ya ng'ambo. Kila mmoja alipewa mwamba wake unaozunguka Jua, apime mwanga wake picha baada ya picha. Pichani mwamba ni nukta tu, lakini nukta hiyo hung'aa na kufifia, na hapo ndipo unapojua mwamba hujizungusha mara moja kwa muda gani. Mektrida alipata saa tatu na dakika kumi na mbili. Aliwatangazia wanafunzi wake, kisha akamtumia Rahim, kiongozi wa kikundi. Rahim akampongeza, akasema ripoti itatoka Ijumaa.

Ila kulikuwa na vipimo kumi na moja alivyoviondoa. Vilikaa chini ya vingine vikamharibia mchoro, naye akajiambia ni ukungu tu. Tangu hapo hakutulia. Alisahihisha daftari moja mara mbili. Kanisani alibaki amesimama wenzake walipopiga magoti. Mume wake, Sifael, alimwona akitoka kwenda kihambani, kwenye migomba yao, na kurudi ndani mara nne asubuhi moja, akamuuliza kama kuna mgonjwa.

Jumatano alikuwa akimenya ndizi za supu ya mtori. Ndizi iligeuka mkononi: ubavu, ncha, ubavu, ncha. Akaweka kisu chini. Mwamba mrefu ukijizungusha mara moja huonyesha ubavu mara mbili, kwa hiyo hung'aa mara mbili. Alikwenda kwenye kompyuta na utomvu mikononi, akavirudisha vile kumi na moja, akapanga vipimo vyote kwa mzunguko wa muda maradufu, saa sita na dakika ishirini na nne. Vikakaa sawa. Mng'ao mmoja ulikuwa hafifu kidogo kuliko mwenzake, na yeye upungufu huo aliuita ukungu.

Mvua ilikuwa imekata mtandao. Alhamisi aliomba ruhusa, akashuka kwa bodaboda kwenye tope hadi mjini, shuleni kwa Rahim.

"Mwalimu, jibu langu si sahihi," alisema kabla ya kukaa. "Na si kukosea tu. Kuna vipimo nilivyovificha."

Rahim aliutazama mchoro mpya aliomletea. "Ungenyamaza, nani angegundua?"

"Watoto arobaini wameliandika jibu hilo daftarini."

Ripoti ilichelewa wiki mbili, na wenzao wawili walinung'unika. Picha mpya, za usiku mzima, zilithibitisha saa sita na dakika ishirini na nne. Mektrida aliwaeleza kidato cha tatu yote, hata habari ya vipimo alivyoviondoa. Evelyn, binti wa dawati la mbele, akauliza kama safari hii mwalimu ana uhakika.

Alijibu kwamba muda anao uhakika nao, lakini mhimili wa mwamba umeinamia wapi, picha za msimu mmoja haziwezi kusema. Swali hilo la mhimili likamkaa akilini. Kabla kengele haijalia alikuwa ameshamwandikia Rahim kuomba picha za mwaka ujao.