Kinga Aliyoachiwa Mtoto

Kazi yangu ya miaka ile ilikuwa kutazama rangi. Nikiwaambia watu hivyo hudhani nilikuwa nauza vitenge. Nilikuwa mtaalamu wa maabara pale Mbinga, miaka ya tisini, wakati wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupandisha malori yao milimani na mitumba ikajaa kila gulio. Tulikuwa na utafiti wa kingamwili za virusi vya ukimwi. Kingamwili ni kitu ambacho damu hukitengeneza ikishakutana na ugonjwa. Kirusi chenyewe sisi hatukuwa na uwezo wa kukiona. Tuliona alama tu, kwamba damu hii na ugonjwa ule wameshajuana.

Kila miezi mitatu tuliteremka ziwani, Ngumbo na Liuli, tukapita zahanati moja baada ya nyingine tukichukua damu za akina mama na watoto wao wachanga. Nilirudi nimepakata kasha la barafu mapajani, maana dereva wetu hakujua shimo la barabarani ni la kukwepa. Maabara tulikuwa na kisahani cha plastiki chenye vishimo tisini na sita, vimepangwa mistari kwa mistari kama ngoro za mama yangu, yale mashimo ya kilimo chetu Wamatengo. Kila kishimo kilikuwa na damu ya mtu mmoja. Damu yenye kingamwili iligeuka njano. Isiyo nazo ilibaki nyeupe kama maji. Majina hayakuwapo, namba tu, na majibu aliyatoa mshauri nasaha peke yake. Daktari mkuu wa utafiti alituonya siku ya kwanza kwamba midomo yetu ibaki maabara.

Mimi nina mdomo. Nyumbani wanalijua hilo tangu utotoni.

Mdogo wangu aliolewa ziwani. Mumewe alipokufa alirudi kwa mama, Kingerikiti, na mimba ya miezi sita. Yeye mwenyewe alikuwa ameshapimwa na alijua, na akaniambia mimi tu. Alijifungua mtoto wa kiume mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Mtoto alipofikisha miezi miwili, mama yake akafariki. Msibani watu walisema ni kifua. Kwetu ugonjwa ule hautajwi jina mbele ya maiti, na hata maiti akishazikwa bado hautajwi. Mama akamfunga mjukuu wake mgongoni, akaanza kumlisha maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa na maji, na mimi nikarudi kazini kutazama rangi.

Mtoto naye alikuwa kwenye utafiti kwa sababu mama yake aliingia. Siku ya miezi mitatu bibi yake alimleta zahanati. Nikamchoma kisigino mimi mwenyewe, nikaandika namba mimi mwenyewe. Ningeweza kumwomba mwenzangu asome kisahani kile. Sikumwomba. Kishimo chake kilikuwa njano, njano ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji.

Sikulia. Niliosha mikono mara tatu, nikaiosha tena. Daktari aliniona akaniuliza nina nini, nikamwambia namba, na kwamba ni ya mtoto wa marehemu mdogo wangu. Hakunigombeza. Akavuta stuli.

“Dada, hili unalijua vizuri, ila leo umelisahau,” akasema. “Mtoto huzaliwa na kingamwili za mama yake. Ndiyo maana sindano ya surua tunaingojea miezi tisa. Kabla ya hapo kinga ya mama bado imo damuni, inaiharibu chanjo. Na hizi ni vilevile. Damu hii haikupi habari za mtoto, inakupa habari za mama.”

“Tutajuaje za mtoto?”

“Tusubiri. Kama ni za kuazima zitakwisha zenyewe. Akifika miezi kumi na minane na bado zipo, ni zake.”

Zikiwa zake, alikuwa na maana kwamba mtoto atakufa. Dawa za siku hizi hazikuwapo, au zilikuwapo kwa wengine huko mbali. Nilihesabu kwa vidole pale pale, kama mtoto wa darasa la kwanza. Miezi kumi na mitano ya kungoja.

Jumamosi nilipanda kwenda nyumbani. Nilijiambia sitasema kitu. Mama alikuwa akipura maharage, mtoto mgongoni amelala kinywa wazi.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Damu ya mjukuu wangu imesemaje?”

Hivyo tu, hata kukaa sijakaa. Ningesema bado hatujapima. Badala yake nikaanza kuzunguka kwa Kimatengo, maana kwa Kiswahili ningesikika kama karani. Sikuutaja ugonjwa, nani angethubutu. Nikasema damu ya mtoto inaujua ugonjwa wa mama yake. Nikasema wameshajuana. Nilidhani namwandaa.

Mama aliacha kupura. Akanitazama, akatabasamu. Tangu mazishi sikuwa nimeuona mdomo wake ukifanya hivyo.

“Basi amepona,” akasema. “Si ndivyo mnavyotufundisha kliniki? Mnawachoma ugonjwa kidogo, damu inaujua, ukija wenyewe unakuta mlango umefungwa.”

Lazima niseme kuhusu mama na surua. Alizika watoto wawili kwa surua kabla mimi sijazaliwa. Mdogo wangu ndiye wa kwanza nyumbani kuchomwa sindano, na surua ya mwaka uliofuata ilipomaliza watoto wa majirani, yeye hakutoka hata kipele. Tangu hapo mama aliamini damu iliyojulishwa ugonjwa kuliko alivyoamini maji ya baraka, na padre asisikie. Kwake hesabu ilikuwa rahisi. Binti yake alikufa, lakini amemwachia mtoto kinga.

Nilifungua mdomo nimwambie siyo. Nikaufunga. Huo mdomo usiofungwa na mtu, siku ile ulijifunga wenyewe, na uoga ndio uliofunga.

Nilimsimulia daktari, nikitegemea atacheka. Hakucheka. “Mama yako amewaza kama watafiti wa chanjo wanavyowaza dunia nzima,” akasema. “Kwa surua yuko sahihi. Huyu mdudu ndiye hakubali. Damu inamjua, inamtengenezea kingamwili kibao, naye anabadilika na kuendelea na kazi yake.” Kisha akaniambia, kwa kuwa mdomo umeshatoka maabara, nimrudie mama nimweleze vizuri. Nikasema ndiyo daktari, na sikumweleza. Niliwaogopa wote wawili.

Miezi sita, njano. Miezi tisa, njano bado, ila mashine ya kupimia rangi ilitoa namba iliyoshuka kidogo. Nilikiangalia kishimo kile nikikipeleka dirishani, nikikirudisha, mpaka mwenzangu akanitania kwamba rangi haiongezeki wala kupungua kwa kukodolewa macho. Usiku sikuwa na shida, nililala. Mchana ndio ulinisumbua. Mtu akikohoa foleni ya benki, moyo unaruka. Nilimpima mtoto uzito kila nilipokwenda nyumbani, kwa mzani wa kahawa wa baba mdogo, na mama akawa ananicheka. “Wewe mwanangu, huyu siyo gunia,” alisema. “Mwache anenepe kwa nafasi yake.”

Mtoto alipofika miezi kumi akapata homa na kikohozi. Nilipata habari siku ya nne, mama alipofika hospitali ya wilaya juu ya lori la mnunuzi wa kahawa, mtoto kifuani anahema kwa mbavu. Kichomi. Nesi alimuuliza bibi kwa nini amechelewa siku tatu nzima, na mama akajibu bila wasiwasi kwamba damu ya mtoto huyu ni ya kupigana, alijua itapigana.

Nilisikia hayo nikiwa nimesimama mlangoni. Nilijisikia kama mwizi aliyekuta watu wanamsifu. Siku tatu zile za kungoja nyumbani zilikuwa zangu. Mimi ndiye niliyempa mama, kwa mdomo wangu kwanza na kwa kunyamaza kwangu baadaye. Mtoto alichomwa sindano juma zima. Siku ya tano alinyonya kidole na kuanza kumpigia kelele kila mtu mwenye koti jeupe. Nikasema leo namwambia mama. Nikamkuta akimfariji mwanamke wa kitanda cha jirani. “Huyu wangu hafi,” alikuwa akisema. “Mama yake amemwachia.” Na uso wake ulikuwa umetulia kabisa. Nikamuuliza kama anataka chai.

Mwaka mmoja, njano ikawa kama mkojo wa mtu anayekunywa maji mengi. Miezi kumi na mitano, mashine yenyewe ilisita. Haikusema ndiyo wala hapana. Hapo ndipo jambo jingine likanipata ambalo sikuwa nimejiandaa nalo. Nilikuwa nimeomba rangi ile iondoke, nimeiombea kanisani kwa jina la namba. Sasa ilikuwa inaondoka, nami nikawa naumia. Zile kingamwili mdogo wangu ndiye aliyezitengeneza. Mwili wake ulishaoza Kingerikiti, na kitu cha mwisho cha mwili ule duniani kilikuwa kinaishia mbele yangu kwenye kishimo cha plastiki. Nilitaka ziishe. Nilitaka pia zibaki siku mbili tatu.

Miezi kumi na minane, kishimo kilikuwa maji. Nikarudia. Maji. Mwenzangu akarudia kwa mikono yake, mimi nikiwa nje nimekaa juu ya tofali, akatoka akasema maji. Daktari akaniruhusu kupeleka jibu hilo mwenyewe. Nilipanda mlima nikiwa nusu natembea nusu nakimbia, mtu mzima mimi.

Mama alikuwa akigeuza kahawa kwenye kichanja, na mtoto chini yake akijipaka vumbi.

“Shikamoo mama. Majibu yametoka. Damu yake haina kitu. Zote zimekwisha.”

Mama aliacha kugeuza. Hakutabasamu. Akamtazama mtoto, kisha mimi.

“Zimekwisha?” akauliza. “Kinga ya mama yake imekwisha? Sasa atabaki na nini?”

Nilikuwa nimeipanga safari ile yote kichwani na hilo halikuwamo. Nikakaa chini. Nikamweleza, safari hii bila kuzunguka, na ugonjwa nikautaja jina. Nikamwambia ile haikuwa kinga, ilikuwa alama. Ingebaki mpaka leo, mtoto asingekuwa na muda mrefu. Kwamba kuanzia siku ile ya maharage hatukujua kama ataishi, na tumejua leo. Kwamba ataishi.

Nilingoja apige vigelegele au aanze kulia, chochote. Akainama, akamwokota mtoto, akampangusa vumbi usoni kwa upande wa khanga, taratibu, jicho moja kisha la pili.

“Kwa hiyo ulipokuwa unampima kwa mzani wa kahawa,” akasema, “ulikuwa unangoja afe.”

“Nilikuwa naogopa, mama.”

“Na mimi nikikucheka.”

“Ndiyo.”

“Na siku zile tatu za homa, nimekaa naye hapa ndani, nasubiri damu ipigane.”

Nilianza kusema kwamba sikutaka kumvunja moyo, kwamba alikuwa ametoka kuzika, kwamba angeweza hata kuacha kula. Akaniinulia kiganja kunikatiza.

“Mimi nimezika watoto watatu,” akasema. “Kuogopa nakujua. Ungeniambia, tungeogopa wawili.”

Akamfunga mtoto mgongoni, akaingia jikoni. Nilisikia akipuliza moto, kisha sufuria, kisha mwiko ukisonga ugali. Nilikaa pale kwenye kahawa mpaka harufu ya maharage ikatoka, na siku ile hakuniita kula.