Usirudishe Pesa Ambayo Hujaiona

Nakumbuka asubuhi moja nilishuka kutoka Kibumba na chukudu yangu, lile gari letu la mbao la magurudumu mawili, nimepakia viazi vya Mama Nyota. Mwanangu, wakati huo nilikuwa kijana asiyetulia. Shule niliiacha mapema, nikazunguka Masisi, Rutshuru, Bukavu, nikiuliza kila kitu: hiki kinafanyaje kazi, kile kimetoka wapi. Mama Nyota, jirani yetu mjane, ndiye peke yake aliyeniamini na mavuno yake. Nyumba yake ilikuwa inavuja. Viazi vile ndivyo vingemnunulia mabati, na mvua ilikuwa karibu.

Nilifika Ndosho, mtaa wa Goma, kwa Muzee Hamuli, fundi wa chukudu, aliyeniruhusu kuuzia mbele ya karakana yake. Pesa za mzigo wa kwanza wa viazi vyake, niliouuza jana yake, nilikuwa nimezifunga kiunoni. Akaja bwana mmoja mwenye tai, viatu vinang'aa katika vumbi letu jeusi la volkano. Hakubishana bei. Hapo tu ningepaswa kushtuka, maana nani Goma ananunua viazi bila kubishana? Akatoa hundi, ambayo sisi tunaita sheki. Ilikuwa imeshaandikwa, na ina muhuri mkubwa.

"Petit, kijana, ninakamata magunia yote," akasema. "Hii sheki inapita bei yako. Unirudishie ile inazidi, pesa ya mukononi, halafu weye utaenda ku banki pole pole. Dereva ananingojea."

Nikaanza kufungua fundo la pesa kiunoni. Si kwamba sikuwa na mashaka, mwanangu. Niliona haya. Mtu mkubwa kama yule, na mimi nina vumbi mpaka kwenye kope, nimwambie angoje nihakikishe? Kwetu hiyo ni kama kumtukana mtu.

Muzee Hamuli akaweka chini tezo lake la kuchongea mbao.

"Weye kijana, leo ulishuka Kibumba bila kupima freni?"

"Hapana, muzee. Ninapima kila siku."

Freni ya chukudu ni kipande cha tairi unachokikanyaga kwa mguu. Usipokipima juu, utajuta chini.

"Na hii karatasi ulipimia wapi?"

Nikaacha kufungua fundo. Muzee akamgeukia yule bwana kwa heshima zote. "Papa, twende sisi wote watatu ku banki. Viazi havina miguu, vitatungojea."

"Muzee, unaniona mwizi?"

"Sijasema vile. Nasema banki iko wazi, na miye ninapenda kutembea."

Wamama wa makala, wauza makaa, kando ya barabara wakacheka. "Papa Kravate," mmoja akapaza sauti, akimtania kwa ile tai yake, "unaogopa vumbi itakula viatu?"

Bwana akatuita watu wa porini, akasema anakwenda kumwita dereva. Yule dereva namngoja hadi leo. Sheki aliiacha, tukaipeleka benki, karani akaitazama na kusema konti hiyo, yaani akaunti, haipo.

"Mwenye pesa ya kweli," Muzee aliniambia njiani, "angekasirika, lakini angekuja nasi, hata kwa kutuonyesha kama tuko wajinga."

Viazi tuliviuza kwa wengine, na mabati ya Mama Nyota niliyapigilia misumari mwenyewe.

Sasa nimezeeka, na yule bwana amevua tai, ameingia ndani ya simu. Juzi alinipigia. Kwanza ulikuja ujumbe kwamba pesa imeingia kwangu, kisha sauti ya mama inayolia: "Papa, nimetuma kwa makosa, ni ya dawa ya mutoto, tuko kambini Kanyaruchinya, unirudishie mbio." Moyo uliniuma, nakiri. Lakini nilitazama salio langu, halikuwa limeongezeka hata kidogo. Nikamwambia, "Mama, tukutane kwa ajenti wa pesa za simu, tuongee naye sisi wote." Akakata.

Basi nisikilize. Ujumbe si pesa. Tazama salio kwa mkono wako, usifuate kiungo ulichotumiwa na mtu. Kama kweli ametuma kwa makosa, kampuni ya simu ndiyo imrudishie, si wewe. Namba yako ya siri usimpe yeyote, hata anayejiita mfanyakazi wa kampuni hiyo. Kazi ya WhatsApp inayokudai ulipe kwanza ada ya dosie, yaani faili la maombi, iache. Ndugu akikuomba msaada kwa namba mpya, hata kama ni matanga, mpigie kwa namba ya zamani usikie sauti yake. Na kama matapeli wameshakula chako, usijifiche kwa aibu. Kimbilia ajenti, useme, wazuie kinachoweza kuzuiwa.

Ila kubwa ni hili: usione haya kumwambia mtu angoje. Matapeli hawa wanaishi kwa haya zetu. Tukizikataa, watalala njaa.

Mungu akulindie jasho lako, mwanangu. Paa lako lisivuje, na kila mteremko ukukute freni yako inakamata.