Droo ya Tatu

Asubuhi niliyotoka Majengo sikuwa na mpango wowote. Nilivuta droo ya kimeza katika chumba nilichokuwa nimepanga, nikitafuta soksi, ikaja na harufu ya vile vidonge vyeupe vya kufukuza mende vilivyoachwa na mpangaji wa kabla yangu. Nilisimama pale na soksi moja mkononi. Kisha nikatia nguo kwenye begi, nikamrudishia mwenye nyumba ufunguo, nikatoka. Mimi huwa hivyo. Nimeishi Nanyuki, nimeishi Karatina, na kila mahali nimeondoka kwa sababu ambayo nikiieleza watu hunitazama kwa jicho la pembeni. Leo nitawaeleza ninyi.

Harufu ile ni ya nyumbani kwetu, ya droo ya tatu.

Baba ni fundi wa mbao, na alitutengenezea kabati la sebuleni kwa mikono yake. Lilikuwa na droo tatu. Ya kwanza ilikuwa na mishumaa, viberiti, na betri zilizokufa ambazo mama alizianika juani akiamini zitapata nguvu tena. Ya pili ilikuwa na vyeti vyetu vya ubatizo, vifungo vya mashati yaliyokwisha kuwa matambara, kufuli moja lisilo na ufunguo na funguo tano zisizo na kufuli. Ya tatu ilifungwa. Ufunguo wake mama aliufundika kwenye ncha ya kitambaa cha kichwani, na hata usiku hakukivua.

Mnajua vile mtoto anavyouona mlango uliofungwa. Lakini mimi nilikuwa na sababu zaidi ya udadisi.

Kwetu jina la mtoto halichaguliwi, linakuja kwa zamu. Msichana wa kwanza huitwa jina la mama yake baba. Wa pili huitwa jina la mama yake mama. Wanaofuata huchukua majina ya mashangazi. Mimi nilikuwa wa kwanza katika nyumba yetu, na cucu, nyanya yangu mzaa baba, anaitwa Nyambura. Basi nilipaswa kuwa Nyambura. Lakini naitwa Wangeci, jina la mama yake mama. Na mdogo wangu aliyenifuata akaitwa Muthoni, jina la dada ya baba. Jina la cucu lilikuwa limerukwa kama shimo barabarani.

Huyo tata Muthoni, dada ya baba, alikuwa mtu wa mzaha. Akija Jumapili na kukuta nimekunywa vikombe viwili vya chai, aliniambia, "Wewe Wangeci ni wa kina mama yako. Hapa umekuja tu kutembea. Hii chai ikiisha, tunakurudisha."

Kila mtu alicheka. Mama hakucheka. Nililiona hilo.

Tena nilikuwa nimesikia maneno ya watu wazima mtoni, na nikajua kwamba msichana akizaa kabla ya kuolewa, binti yake huchukua jina la mama ya msichana huyo. Nikapiga hesabu yangu ya mtoto wa miaka tisa: mama ana dada zake ambao hawakuolewa. Mmoja wao ndiye aliyenizaa, na mimi nimeletwa hapa kuazimwa. Tangu siku hiyo nikawa mpelelezi. Jioni tulipoosha miguu kwenye beseni moja, nililinganisha vidole vyangu na vya baba. Muthoni alikuwa na masikio ya baba kabisa, yale yanayosimama kama vipini vya sufuria. Yangu yalilala. Hata kona moja ya shamba, karibu na mikahawa, ambako baba hakuwahi kutia jembe, niliitilia shaka. Nilidhani amefukia kitu.

Jumamosi moja watu wote walikwenda kuchuma kahawa, nami nikabaki na maumivu ya tumbo niliyojitungia. Nilikuwa nimemwona baba akilitengeneza lile kabati, na nilijua kwamba hakuweka ubao kati ya droo na droo. Nikaichomoa ya pili yote, nikaiweka sakafuni, nikaingiza mkono kwa juu ndani ya ya tatu.

Nilitoa kofia ya sufi ya manjano, ndogo kama chungwa. Halafu kadi ya kliniki. Jina la mtoto: Nyambura. Jina la baba, la baba yangu. Jina la mama, la mama yangu. Alikuwa amenitangulia kuzaliwa kwa miaka miwili. Kwenye mchoro wa uzito kulikuwa na nukta nne zinazopanda, kisha karatasi tupu.

Kifo hakikunijia kichwani. Wafu niliowajua walikuwa wazee, na picha zao zilining'inizwa ukutani. Mimi nilielewa hivi: Nyambura ndiye mtoto wao hasa, amepelekwa mahali pazuri, labda shule ya bweni, na siku atakayorudi mimi nitarudishwa nilikotoka. Kila Desemba, shule zikifungwa, nilikaa nikitazama lango. Nilikuwa hata nimechagua nguo nitakazoondoka nazo.

Nilinyamaza miaka miwili. Kisha alasiri moja baba alikuwa akipasua ubao mrefu uani, akaniita.

"Wangeci, kuja unishikilie hapa."

Nilikuwa nimekasirika kwa jambo ambalo hata silikumbuki. Nikamwambia, "Si uite Nyambura wako akushikilie."

Msumeno ulisimama katikati ya ubao. Baba hakunipiga, hakuuliza nimelijulia wapi jina hilo. Alikaa juu ya mbao, na chai aliyoletewa ikapoa ikafanya utando. Kesho yake droo ya tatu haikuwa imefungwa, na ndani hamkuwa na kitu ila vidonge vyeupe. Wameficha ushahidi, nikasema moyoni. Sasa nina hakika.

Niliacha shule darasa la saba. Mtu anayengoja kurudishwa haoni haja ya kumaliza. Nikaona heri niondoke mwenyewe kabla sijaambiwa, na hiyo ikawa tabia.

Nilikuwa mtu mzima wa miaka ishirini na sita nilipomuuliza cucu. Alikuwa anachambua maharagwe. Nilimuuliza kwa nini sikupewa jina lake.

"Walitaka kukupatia," akasema. "Ni mimi nilikataa. Nyambura alikuwa na miezi minne, baridi ya Julai ikamwingia kifua. Nikawaambia, jina yangu imezikwa mara moja. Msiizike tena."

"Alizikwa wapi?"

"Si pale kwa kahawa, penye baba yako halimi?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa baba. Alikuwa ameinamia ubao, masikio yake yamejaa vumbi la mbao. Nikamwambia cucu ameniambia. Akafuta macho kwa mkono wa koti.

"Haya," akasema. "Shikilia hapo."

Nikashika. Tukapasua ule ubao mpaka mwisho.

Ningependa kuwaambia kwamba nilitulia baada ya hapo. Sikutulia. Miguu iliyozoea kuondoka haisikii maelezo. Ndiyo maana asubuhi ile harufu ilinitoa Majengo, na jioni nikajikuta Kianyaga, nikiuliza chumba kwa mama mmoja mwenye nyumba nyuma ya duka lake. Kabla hajanipa ufunguo alinikagua kutoka kichwani hadi kwenye viatu.

"Unaitwa nani, mami?"

"Wangeci."

"Huyo ni mama ya baba, ama mama ya mama?"

"Mama ya mama."

"Basi wewe ni wa pili," akasema bila kusita, kana kwamba ni jambo ambalo hata mtoto angelijua. "Na wa kwanza?"

"Nyambura."

"Ameolewa wapi?"

"Yuko nyumbani," nikamwambia. "Nyumbani kwetu, kwa baba."

Akanipa ufunguo. Chumbani nilivuta droo, nikainusa, nikaona ni tupu. Nikatia nguo zangu zote ndani.