Ekari za Mama wa Mnero

Juzi, katika ofisi moja ya Nachingwea, nilipanga foleni nyuma ya mama mmoja kutoka Mnero. Alitaka barua ya kulizuia katapila ambalo kesho yake lingefyeka shamba lake la mtama kupisha mradi wa karanga wa serikali. Karani hakuthubutu kuiandika, maana kwenye kiti chake alikaa kijana Mzungu, msomi wa chuo kikuu anayejiandaa kuendeleza nchi za watu, akimhoji mama huyo aliyeketishwa mbele yake.

"Mama, nyumbani mnakula mara ngapi?"

"Mtama ukiwepo, mara mbili, bwana. Naomba barua."

"Bado maswali machache." Akafunua ukurasa wa nne, akalamba ncha ya penseli. "Maendeleo unayaonaje?"

"Nayasikia yananguruma huko bondeni."

Kijana akatabasamu, akaandika kwamba wenyeji wanayapokea vizuri. Karani akatazama saa, akafunga kabati la mihuri.

"La mwisho, mama. Shamba lako ni ekari ngapi?"

Mama akanyanyuka, akajifunga kanga upya. "Leo tatu, bwana. Kesho andika sifuri."

Kijana akamshukuru, akaandika sifuri papo hapo. Nimefundisha watoto hesabu miaka mingi, na sijawahi kuona sifuri yenye mwandiko mzuri namna ile.