Mgomba Badala ya Mume

Mwaka jana wazee wa ukoo waliamua tuzike mgomba. Kwetu Bungoma mtu akipotea na mwili wake usionekane, mgomba hukatwa, ukafungwa shuka na kuzikwa kwa jina lake, ili familia ipumzike. Mume wa mama yangu mdogo alichukuliwa na wanajeshi asubuhi moja wakati wa ile operesheni ya jeshi ya kuwasaka waasi mlimani, akiwa bado na ndoo ya maziwa mkononi. Hakurudi. Watoto wake sasa ni wazazi, na wazee walisema imetosha.

Mama mdogo alikataa. Alisema hawezi kuzika mti kabla hajaambiwa mumewe alikufa vipi na yuko wapi.

Nimemsindikiza mara ngapi, jamani! Ofisi moja ya Bungoma ilitutuma Kitale. Kitale wakatuambia mambo ya jeshi hayaandikwi hapo, turudi Bungoma. Karani mmoja alimuuliza kama ana uhakika mumewe hakuoa kwingine. Nilitamani kumrushia faili usoni. Kwa hiyo mawakili fulani walipokuja kanisani Naitiri kuzungumzia kupeleka kesi za waliopotea kwenye korti ya kimataifa, mama mdogo alikaa kiti cha mbele kabisa.

Kaka yangu aliposikia habari hiyo akaja juu. Ni mwanajeshi mstaafu, anafuga kuku nje kidogo ya mji wa Kitale, na hadi leo hunyoosha shati kwa pasi hata kama anakwenda bandani tu. Alifika kwenye kikao cha ukoo akiwa tayari amekasirika.

"Ati mwanajeshi wa Kenya ajibu kwa Wazungu? Hao wanajua nini juu ya mlima wetu? Si tuko na korti zetu hapa, bana!"

Wazee wakaitikia. Uhuru wa nchi, heshima ya nchi, bendera, kila mmoja alikuwa na hotuba yake. Nilichoka hadi shingo ikaniuma. Nilimwambia kaka kwamba hapa nyumbani tumezunguka hadi soli zikaisha, na kama kungekuwa na wa kumsikiliza huyu mama, angetafuta nini ng'ambo? Akanijibu kuwa mimi ni mwalimu wa nasari, sijui mambo ya vita. Nikamwambia hata nasari, mtoto akimpiga mwenzake hatumwachi ajihukumu mwenyewe. Tukaanza kufokeana mbele ya wazee.

Mama mdogo alingoja tumalize. Kisha akamgeukia kaka, bila hasira.

"Mwanangu, wewe ulikuwa huko mlimani na wenzako. Hizo korti zetu, ni gani ilikuita ikakuuliza uliona nini?"

"Hakuna, mama. Hakuna mtu aliniuliza."

"Haya. Mimi nakuuliza."

Kaka akainuka, akatoka nje. Hasira yangu yote ikageuka aibu. Aliposhuka kutoka mlimani, ni mimi niliyemfulia sare zake. Nilimchinjia kuku, nikamshukuru Mungu kwamba amerudi mzima. Na miaka yote hiyo niliyogombana na makarani wa Bungoma na Kitale, yeye sikuwahi kumuuliza.